Kabla hujabandika bodi ya pili juu ya Raspberry Pi

Kadi ya memori ya tatu ilipokufa ndipo nilipokubali kwamba mwenye kosa ni mimi. Raspberry Pi yangu, kompyuta ndogo ya bodi moja, ilikuwa inasoma mita ya umeme kila sekunde 2 na kuandika kila usomaji papo hapo kwenye kadi, usiku na mchana. Kadi hizi hazipendi kazi ya namna hiyo. Unaandika baiti chache, lakini ndani yake kipande kikubwa zaidi hufutwa na kuandikwa upya, na kila kipande kina idadi ya kufutwa kinayoweza kuivumilia. Nikaamua kuongeza bodi mbili kwa mpigo kwenye Pi 5: moja yenye poti mbili za siriali za RS-485, njia ya waya mbili ambayo mita huzungumzia, kwa sababu mita ya pili ilikuwa njiani, na nyingine ya kubeba diski ya NVMe, isiyochoka haraka kama kadi.

Kosa lilikuwa hapo kwenye "kwa mpigo". Nilipanga zote, nikakaza skurubu, nikawasha. Diski haikuonekana, mita haikujibu, na skrini ndogo ya wino wa kielektroniki iliyokuwa ikifanya kazi miezi kadhaa nayo ikaganda. Matatizo matatu, na sikujua lipi limezaa lipi. Nilirudi nikafungua kila kitu, nikaanza na bodi moja. Wewe anza hivyo tangu mwanzo.

Skrini ilikuwa rahisi kuelewa nilipotulia. Bodi nyingi za siriali hutumia chipu ya SC16IS752, inayozungumza na Pi kwa SPI au I2C, njia mbili za kupitisha data kwenye pini, na kuhitaji pini moja zaidi ya kuiambia Pi kwamba data imefika. Kwenye mpangilio wa kawaida pini hiyo ni GPIO 24. Skrini yangu nayo ilikuwa inaitumia GPIO 24 hiyo hiyo kusema "subiri, bado nachora". Bodi kukaa vizuri kwenye pini 40 za Pi hakuna maana yoyote, kwa sababu zote zinakaa vizuri! Kabla hujanunua, chukua karatasi, chora safu mbili za pini, andika kila bodi inashika zipi. Na usichanganye hesabu mbili za pini: namba ya GPIO ni ya chipu ya Pi, si ya nafasi kwenye safu, kwa hiyo GPIO 24 ni pini ya 18 ukihesabu kwa mkono.

Kuna mgongano mwingine usioonekana kwa macho. Bodi za HAT, yaani zile za kubandikwa juu ya Pi, hubeba kichipu cha memori kwenye pini ya 27 na 28, ambamo Pi husoma jina la bodi inapowaka. Zile za kizazi cha kwanza zote hukiweka kwenye anwani moja tu, 0x50, kwa hiyo ukizipanga mbili zinajibu kwa pamoja na Pi haiambulii kitu. Dawa ni kuzima kichipu cha bodi moja, kama ina sehemu ya kukizimia, kisha mipangilio yake uiandike mwenyewe ndani ya `config.txt`, faili la mipangilio ambalo Pi husoma inapowaka.

Sasa nije kwenye siriali, iliyonila siku mbili.

Baada ya kuondoa skrini, poti zilijitokeza zenyewe: `/dev/ttySC0` na `/dev/ttySC1`. Nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, A kwa A, B kwa B, nikaandika neno upande mmoja likatokea upande wa pili, safi kabisa. Nikaunga mita. Kimya. Nikageuza A na B, maana watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi na kuzigeuza hakuunguzi kitu. Kimya. Nikakagua rezista ya ohm 120, inayotakiwa ncha mbili za waya tu na si kwenye kila kifaa. Iko sawa. Nikabadilisha waya wenyewe. Wapi.

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kidude cha bati kilicho kando ya chipu, kwa maandishi madogo ambayo niliyaona tu baada ya kuyapiga picha kwa simu na kuikuza: 1.8432. Hiyo ni kristali, saa ya chipu. Draiva ya Pi, programu inayoiendesha chipu hiyo, usipoiambia vingine, inaamini kuna kristali ya MHz 14.7456, yaani mara 8 ya ile. Kwa hiyo nilipoomba kasi ya biti 9600 kwa sekunde, waya ulikuwa unapitisha 1200. Poti mbili za bodi moja zilielewana kwa sababu zote zinatumia kristali moja, zilikosea pamoja. Nikaongeza `xtal=1843200` kwenye mstari wa bodi ndani ya `config.txt`, nikawasha upya, mita ikajibu mara ya kwanza. Tangu hapo siamini jaribio la kuunga poti na poti ya pili ya bodi ile ile. Tafuta kifaa cha nje, hata adapta ya USB ya siriali.

Kama unahitaji poti moja tu, huenda hata bodi huihitaji. Pini ya 8 na ya 10 zinatosha, ila kumbuka mambo mawili. Kwanza, pini za Pi ni za volti 3.3 na hazivumilii volti 5, wacha RS-232, siriali ya vifaa vya zamani, ambayo inaweza kufika volti 15 juu na chini ya sifuri. Weka kigeuzi cha MAX3232 na ukilishe kutoka pini ya 1, si ya 2. Mimi niliwahi kukilisha volti 5 kwa kuhesabu pini vibaya, na pini ya kupokea ya Pi yangu ya zamani haijawahi kusikia kitu tena. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Pili, kwenye Pi 3 na 4 poti nzuri imepewa Bluetooth, na iliyobaki kwenye pini kasi yake inafungamana na saa ya kichakataji cha picha. Ukiandika `dtoverlay=disable-bt` unarudishiwa ile nzuri. Kwenye Pi 5 jina `serial0` huelekea kwenye kiunganishi kidogo cha pini tatu kati ya HDMI mbili, kwa hiyo washa `dtparam=uart0=on` na utumie poti ya `ttyAMA0`.

Diski, kumbe, haikuwa na neno. Utepe wa PCIe, unaounganisha Pi na bodi ya diski, haukuwa umeingia mpaka mwisho kabla ya kufunga kile kibano cheusi. Amri ya `lspci`, inayoorodhesha vifaa vya PCIe, ndiyo ya kutazama kwanza: kama diski haimo humo, usihangaike na programu, rudi kwenye utepe. Umeme nao usiupuuze. Utepe huo umepangiwa ampia 1 kwa volti 5, na lebo za diski kadhaa zinataja zaidi ya hapo, ndiyo maana bodi nyingi huchota nyongeza kutoka pini ya 2 na ya 4. Tumia chaja ya ampia 5. Ukitaka kujua kama umeme ulipungua ukiwa hutazami, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu la 0x50000 maana yake uliwahi kushuka.

Wengi wataniuliza kuhusu kupandisha PCIe kutoka Gen 2 ya kawaida iwe Gen 3, yenye kasi zaidi. Sijapandisha. Poti ya siriali kwa 115200 hupitisha baiti 11,520 kwa sekunde, na hata ikijaa saa 24 haifikishi gigabaiti 1. Diski ya Gen 2 inapokea mamia ya megabaiti kila sekunde. Nilichokifuata kwenye NVMe ni uhai wake, na kasi niliyonayo inanizidi.

Mfumo endeshi bado uko kwenye kadi, data peke yake ndiyo iko kwenye diski. Kadi sasa inaandikwa kidogo sana. Ukifanya hivyo, kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa Pi inapowaka, itaje diski kwa UUID yake, namba yake ya kipekee, na uweke `nofail`, neno la kuiruhusu Pi iwake hata diski isipokuwepo. Mimi niliisahau `nofail`, siku moja nikachomoa diski kuisafisha vumbi, na Pi ikakataa kuwaka mpaka nilipoichomekea kibodi na skrini, vitu ambavyo haikuwa imeviona kwa mwaka mzima.