Mdalasini kwa mama mwenye kisukari

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama kijiko cha unga wa mdalasini kwenye maji ya moto kila asubuhi kitamshushia mama sukari, na kama wa duka lolote unafaa.

Nianze na la pili, maana wengi hulipita. Madukani kuna aina mbili. Vunja kijiti mkononi: mdalasini wa Ceylon ni maganda membamba mengi yaliyojiviringa kama sigara, huvunjika bila ubishi. Kasia ni gome moja nene, gumu kama kuni, na harufu yake kali zaidi. Hiyo kasia ina kumarini nyingi, kemikali ya asili iliyomo kwenye gome, na ikizidi kila siku huweza kudhuru ini. Kiwango cha kumarini kisichopaswa kuzidishwa, kwa mujibu wa Ulaya, ni miligramu 0.1 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kijiko kimoja cha chai cha kasia kinaweza kumvusha mama hapo. Ukishasagwa huwezi kuutambua kwa macho, kwa hiyo nunua vijiti usage mwenyewe.

Kuhusu sukari, tafiti zinapishana. Dawa za hospitali asiziache hata siku moja, na daktari aambiwe kuhusu mdalasini.

Mimi ningeuacha jikoni tu. Kijiti kwenye mafuta ya pilau, vitunguu vikianza kuwa vyekundu, pamoja na iliki na karafuu. Au kwenye chai ya maziwa: harufu yake inadanganya ulimi, mama hatalalamika sana umemnyima sukari. Wangu alilalamika wiki moja, basi.