Barua kwa mwanangu: kuhusu feloshipu ya afya ya jamii uliyoniuliza

Ilemela, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma pamoja na tangazo uliloliambatanisha, na baba yako naye amelisoma kwa miwani yake hadi mstari wa mwisho, kama kawaida yake. Umeuliza jambo moja, ingawa umelizungusha katika aya tatu: uombe feloshipu hii ya kukuza taaluma kwa wanafunzi wa afya ya jamii, ambayo itakuchukua mwaka mzima baada ya kumaliza Muhimbili na ambayo haikupi shahada wala haikuahidi ajira, au uingize maombi yako kwenye mfumo wa ajira za serikali na kusubiri kama wanavyosubiri wenzako? Jibu langu ni kwamba uombe. Ila ujue kwanza ni nani atakayeisoma kazi yako kila wiki na kuisahihisha. Tangazo linataja posho, semina na cheti, lakini mlezi wa kitaaluma limemtaja mara moja tu, tena bila kusema atakuwa na vijana wangapi. Waulize. Wakikujibu kwa maneno ya jumla, iache ipite.

Nasema hivyo kwa sababu feloshipu hizi, ukizitazama kwa nje, zote zinafanana. Kuna vijana wa programu moja, jina sitalitaja, waliowahi kuletwa kwenye kituo nilichofanyia kazi, wenye akili na bidii zao, wakamaliza muda wao wakipanga viti vya mikutano na kuandika mihtasari ambayo hakuna aliyeisoma. Hawakuwa na mtu. Mganga mfawidhi alikuwa na wagonjwa wake, na aliyewaleta alionekana siku ya kuwaleta na siku ya kuwachukua. Mwenzao mmoja aliyepelekwa mahali pengine alikabidhiwa takwimu za chanjo za kata nzima, akaambiwa atafute kwa nini watoto wanapata dozi ya kwanza na kupotea kabla ya dozi ya tatu, na kila Ijumaa msimamizi wake alikuwa akimrudishia kazi ikiwa imejaa wino mwekundu. Posho yao ilikuwa ileile.

Mtindo huu wa kujifunza kazi ukiwa kazini, chini ya mtu anayeijua, haukuanza jana. Marekani waliuanzisha mwaka 1951, pale Alexander Langmuir alipounda kikosi cha vijana waliokuwa wakitumwa kwenye milipuko ya magonjwa kwa miaka miwili, kuuliza, kuhesabu na kuandika, huku wazoefu wakiwasimamia. Nchi nyingi ziliiga. Hapa kwetu mafunzo ya epidemiolojia, yaani elimu ya kufuatilia magonjwa yanavyoenea katika jamii, na ya maabara kwa vitendo yalianza 2008, Wizara ya Afya ikishirikiana na hicho hicho chuo chako, na anayeyamaliza hutoka na shahada ya uzamili baada ya miaka miwili ambayo sehemu kubwa ameitumia wilayani na mikoani, si darasani. Hiyo ndiyo ngazi ambayo ningependa uifikie siku moja. Feloshipu ya wanafunzi ni ngazi ya chini yake, na ndivyo uipime: je, mwaka huo utakuacha na kazi iliyoandikwa kwa jina lako, ambayo mtu wa ngazi ya juu anaweza kuisoma na kusema huyu anajua kuuliza?

Umeandika pia kwamba unaogopa kuwa "mtu wa makaratasi" wakati wenzako wa udaktari na uuguzi wanaokoa maisha. Hapo naomba nikae kidogo, kwa sababu mimi nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kuona makaratasi na kuokoa maisha kuwa vitu viwili.

Mwaka 1991, wewe hujazaliwa, ulianza katika mkoa wetu utafiti ambao hadi leo unafundishwa katika vyuo vya afya duniani. Walioufanya ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la afya la AMREF na chuo cha afya ya jamii cha London, akina Heiner Grosskurth na wenzake. Swali lilikuwa hili: magonjwa ya zinaa yakitibiwa vizuri zaidi katika zahanati na vituo vya afya vilivyopo, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Walichukua jamii 12, wakazipanga jozi sita, na katika kila jozi jamii moja ikapata huduma iliyoboreshwa mara moja, nyingine ikangoja hadi utafiti uishe. Hakuna hospitali mpya iliyojengwa. Watumishi walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili bila kungoja majibu ya maabara, dawa hazikuruhusiwa kukatika, wasimamizi walikuwa wakipita, na wanavijiji wakahimizwa kuja mapema. Watu 12,537 wenye umri wa miaka 15 hadi 54 waliandikishwa. Baada ya miaka miwili, waliopata VVU upya katika jamii zilizohudumiwa walikuwa asilimia 1.2, na kwingine asilimia 1.9; hesabu zilipokamilishwa, upungufu ulikuwa karibu asilimia 40. Matokeo yalichapishwa 1995.

Sasa sikiliza sehemu ya pili, ambayo watu wa kwetu hawapendi kuisimulia. Ng'ambo ya ziwa, wilaya ya Rakai nchini Uganda, watafiti wengine walikwenda mbali zaidi: waligawa dawa za magonjwa ya zinaa nyumba kwa nyumba, kwa watu wazima wote, wenye dalili na wasio nazo. Majibu yalipotoka 1999, VVU havikupungua hata kidogo. Mtu asiyejua kuuliza angesema mmoja wao amedanganya. Wanaojua walitazama tofauti. Rakai wakati huo karibu mtu mzima mmoja kati ya sita alikuwa na VVU, janga lilikuwa limeshakomaa, na maambukizi mengi yalikuwa yanapita kati ya wenzi ndani ya nyumba bila kuhitaji kidonda cha zinaa kuyafungulia njia. Mwanza wenye VVU walikuwa kama asilimia nne, na waliotibiwa ni wale wenye dalili, waliokuja wenyewe. Magonjwa ni yaleyale, ziwa ni lilelile, wakati na namna ya kuyatibu ndivyo vilivyotofautiana. Muuguzi aliye zahanati, hata awe hodari vipi, hawezi kuliona jambo hilo akiwa amesimama mbele ya mgonjwa mmoja. Linaonekana kwa aliyekaa na rejesta za watu wengi na mwalimu pembeni yake. Hayo makaratasi unayoyaogopa ndiyo hayo.

Kwa hiyo usiende kwenye usaili mikono mitupu. Nimesoma rasimu ya maelezo yako. Inaanza kwa kusema kwamba tangu utotoni ulipenda kusaidia watu. Ifute. Wote wataandika hivyo, na msomaji atakuwa ameshachoka akifika kwako. Wewe umekulia kando ya ziwa, andika unachokijua ambacho mtu wa Dar es Salaam hakijui.

Kwa mfano, unazijua tabia za wavuvi wa dagaa. Huvua usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikitoka hupumzika, kwa sababu dagaa hawaifuati taa mwezi ukiwa unawaka. Maana yake kwa zahanati iliyo karibu na mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, ni hii: wiki za giza wanaume karibu hawaonekani, mchana wamelala, usiku wako majini, homa na kuhara wanavivumilia au wanameza walichonunua dukani, mwezi ukijaa wanakuja kwa mkupuo na magonjwa waliyoyabeba siku zote hizo. Mtu aliyekaa wilayani akiitazama chati ya ripoti za wiki anaweza kuuona mlipuko pale, kumbe ni mbalamwezi.

Na ukifungua Kitabu Namba 5 cha MTUHA, mfumo wa kuweka taarifa za huduma za afya, kile cha wagonjwa wa nje, utazame safu ya makazi. Mvuvi akiulizwa anatoka wapi hutaja kwao, kijiji cha ndani kabisa alikomwacha mke na watoto, hata kama ni msimu wa tatu analala kwenye kibanda cha mwaloni. Karani anaandika alivyoambiwa. Mwisho wa mwezi kichocho cha mwaloni kinahesabiwa kwa kijiji kisicho na hata bwawa, na mwalo wenyewe unaonekana salama. Nimeyaona hayo kwenye rejesta nyingi, na hakuna aliyetaka kudanganya. Swali tu ndilo lilikuwa limeulizwa vibaya. Lingeulizwa "umelala wapi wiki hii?" jibu lingekuwa jingine.

Hapo ndipo ningejenga ombi langu kama ningekuwa wewe. Unakumbuka dawa za kichocho shuleni: ile fimbo iliyowekewa alama, mtoto anasimamishwa, urefu wake unasomwa, anahesabiwa vidonge vya prazikwanteli badala ya kupimwa uzito, na lazima awe amekula uji. Kazi nzuri, tena imepunguza mengi. Lakini mvuvi hayupo shuleni, na yeye ndiye anayeingia majini kila siku, na dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa tu, ile michanga inabaki, na kesho amerudi majini. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mahali ambapo wenye kichocho ni asilimia 10 ya watu au zaidi, dawa itolewe kwa jamii nzima kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Sawa, lakini itolewe mwaloni lini? Ukienda wiki ya giza utarudi na maboksi yako. Swali la mwaka mmoja ni hilo: je, ugawaji ukipangwa kwa kalenda ya mwezi, ni wavuvi wangapi zaidi watakaofikiwa kuliko ukipangwa kwa kalenda ya ofisi? Linaweza kufanywa kwenye mialo michache, na kijana mmoja, kwa fedha kidogo, na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa uvuvi wakishirikishwa mapema. Si lazima liwe hilo. Lakini liwe la ukubwa huo, lenye mahali na watu.

Usiseme ni dogo. Homa ya virusi vya Marburg, inayoambukizwa kwa kumgusa mgonjwa, ilipotokea hapo Kagera, Machi 2023, watu tisa waliugua na sita wakafa, na ilitangazwa kuisha tarehe 2 Juni. Kilichoizuia ni kazi ya kuorodhesha kila aliyemgusa mgonjwa na kumfuatilia siku 21, nyumba kwa nyumba, kujua kweli nani analala wapi. Kazi ni ileile ya safu ya makazi, ila kosa lake hapo linaua haraka.

Kuhusu mambo ya fedha sina mengi. Posho iliyotajwa itatosha chumba na chakula ukipangiwa Mwanza. Ukipangiwa Dar es Salaam haitatosha, na tutakuongezea kidogo, baba yako amekubali ingawa amenung'unika. Deni la Bodi ya Mikopo lipo palepale, usijifanye hulioni. Usajili wako katika baraza la wataalamu wa afya ya mazingira ufuatilie mara tu vyeti vikitoka, feloshipu au hakuna, na nafasi za ajira zikitangazwa katikati ya mwaka, omba. Hakuna anayekuzuia kufanya yote mawili, isipokuwa mkataba wao useme vinginevyo, kwa hiyo usome kabla ya kusaini. Wakikudai ada ya maombi, achana nao siku hiyohiyo.

Barua za utambulisho usiombe kwa mkuu wa kitivo kwa sababu ya cheo chake. Mwombe yule mwalimu aliyekusimamia kwenye mafunzo ya vitendo kule wilayani, aliyekuona ukibishana na mwenye machinjio kuhusu maji taka. Huyo ana la kusema. Mpelekee nakala ya tangazo na aya moja ya swali unalotaka kulifanyia kazi, umpe wiki mbili zaidi ya unazodhani anahitaji.

Wakikuita kwenye usaili, wao watauliza yao, nawe uliza mawili: msimamizi wangu ni nani na ana vijana wangapi, na mwisho wa mwaka takwimu nilizokusanya na ripoti niliyoiandika zitarudi kwa zahanati na mwalo nilikozitoa, au zitabaki kwenye kompyuta ya mradi? Jibu la swali la pili litakueleza mengi kuhusu la kwanza.

Rasimu mpya nitumie kabla ya kuituma kwao. Nitaisoma mimi, na baba yako ataangalia nukta na mkato.

Mama yako