Ndiyo, Ila Nenda Mchana

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki limeniwasha: "Ukiwa safarini ng'ambo, ungekubali posho yako ya siku mbili tatu iishie kwenye mlo mmoja wa mgahawa mashuhuri?" Jibu langu ni ndiyo. Nina masharti mawili tu: uende mchana, na chakula kiwe cha mahali hapo ulipo, si kilicholetwa kwa ndege.

Najua naongea na watu gani. Sisi tunaosafiri kikazi tunajuana. Posho haiendi kuliwa, inarudi nyumbani ikiwa bati, saruji au ada ya muhula. Fungua begi la mtumishi anayekwenda semina Ulaya, hukosi kukuta unga wa sembe, dagaa waliokaangwa wakakauka vizuri, na jiko dogo la umeme ambalo hoteli imelipiga marufuku kwa maandishi ukutani. Simcheki mtu. Ugali wa chumba cha hoteli nimeula, tena kwa kujificha moshi usiamshe kengele. Kwa hiyo yule msomaji mliyechapisha jibu lake tayari, aliyesema kulipia sahani kubwa yenye chakula kidogo ni ulimbukeni, namwelewa kabisa. Sikubaliani naye, na sababu yangu inaanzia Lyon.

Lyon ni mji wa Ufaransa ambao watu wetu wa afya hufika, kwa kuwa ndiko yaliko makao ya shirika la utafiti wa saratani la WHO, na shirika hilo hufundisha watunza takwimu za saratani kutoka nchi kama zetu. Mimi nilikwenda kwa kazi hiyohiyo. Miaka ya 1930 mwandishi wa vyakula Curnonsky aliuita mji huo makao makuu ya chakula duniani, na wenyeji hawajakubali kuvuliwa cheo hicho. Nilidhani sifa hiyo ilijengwa na wapishi wa wafalme. Kumbe ilijengwa na wapishi wa majumbani: wanawake waliokuwa wakipikia familia za matajiri, kisha wakatoka na kufungua vyumba vyao vya chakula, kila mmoja akiwa na vyakula vichache anavyovijua hadi mwisho. Wanaitwa Mama wa Lyon hadi leo.

Mkubwa wao ni Eugénie Brazier. Alizaliwa mwaka 1895 shambani, mkoa wa Ain. Alifiwa na mama akiwa na miaka 10. Alipopata mimba kabla ya ndoa akiwa na miaka 19, baba yake akamfukuza, akaingia Lyon kuwa mtumishi wa ndani, na huko ndiko alikojifunza jiko. Mwaka 1921 akafungua mgahawa wake mdogo mtaa wa Royale, palipokuwa duka la vyakula. Baadaye akaongeza wa pili mlimani Col de la Luère, kibanda cha mbao kisicho na gesi wala umeme. Mwaka 1933 migahawa yote miwili ikapewa nyota tatu tatu, daraja la juu kabisa katika kitabu cha Michelin kinachopima migahawa. Hakuna aliyewahi kushika nyota sita kabla yake, na hakutokea mwingine hadi mpishi Alain Ducasse mwaka 1998. Paul Bocuse, ambaye baadaye alikuja kuwa jina kubwa kuliko yote Ufaransa, alipita kwake baada ya Vita vya Pili akiwa kijana wa jikoni: alikamua ng'ombe na kufua nguo, na kukata mboga pia.

Mtanzania hawezi kusoma habari za mwanamke huyo bila kumwona mama ntilie. Ana mkono huohuo na mtaji uleule wa kuungaunga. Tofauti ni kwamba Brazier hakukimbizwa na mgambo na sufuria zake, na kwamba alikuwa na barabara.

Barabara ndiyo siri ya nyota hizi. Michelin ni kiwanda cha matairi. Mwaka 1900 ndugu wawili wenye kiwanda walitoa kitabu cha bure kwa wenye magari, kinachoonyesha pa kutengeneza gari, pa kulala na pa kula, maana anayesafiri mbali zaidi humaliza tairi mapema. Nyota zilianza mwaka 1926, na madaraja matatu mwaka 1931. Nyota moja ni chakula kizuri, mbili unafaa kukata kona kukifuata, tatu unafaa kufunga safari kwa ajili yake peke yake. Lyon iko kwenye njia ya kutoka Paris kwenda Mediterania, na matajiri wa Paris walipita hapo wakiwa na njaa. Kwa hiyo nyota hazikubuniwa kwa ajili ya wenyeji. Zilibuniwa kwa ajili ya mpita njia. Wewe na begi lako la semina ndio mliokusudiwa.

Sasa kuku. Fahari ya mkoa ule ni kuku wa Bresse: manyoya meupe, kilemba chekundu, miguu ya buluu, rangi tatu za bendera yao. Tangu mwaka 1957 sheria inalinda jina hilo. Kuku lazima awe wa eneo lile, awe na nafasi ya meta 10 za mraba za majani kwa kila mmoja, alishwe nafaka na maziwa, na asichinjwe kabla ya siku 108. Sisi tunaobishana kila Krismasi kuhusu kuku wa kienyeji na wa kisasa hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Brazier alimpika kwa kupenyeza chini ya ngozi vipande vya trufi, ule uyoga mweusi unaochimbwa ardhini, mpaka kifua kikawa cheusi kwa cheupe. Nilimla katika mgahawa wa nyota moja ambao sitautaja, kwa kuwa sitaki ionekane nimelipwa. Nyama yake inang'ang'ania mfupa kama ya kuku wa kwetu, ila ina mafuta laini yanayobaki mdomoni. Mchuzi wake ni wa siagi na malai, na nilikuwa na haya ya kuufuta kwa mkate hadi nilipoona mzee wa meza ya pili anafuta wa kwake bila wasiwasi.

Si kila kitu kilikuwa kizuri. Walileta kijibakuli cha povu, povu la nini nimesahau, na sikuona faida yake. Lakini kuhusu shibe niwatoe hofu. Mkate unarudishwa kila ukiisha, bila malipo ya ziada. Baada ya kuku kuna jibini, baada ya jibini kitindamlo, baada ya kitindamlo vijipipi vya kahawa. Tulikaa mezani muda wa saa tatu hivi. Mtu wa dagaa mwenyewe angeomba kupumzika.

Kwa nini mchana? Kwa sababu jiko ni lilelile, wapishi ni walewale, na bei mara nyingi ni nusu ya ile ya usiku au chini ya hapo. Menyu ni fupi, ndiyo, lakini saa mbili usiku baada ya kutwa nzima ya takwimu nani ana nguvu ya sahani kumi?

Waislamu wasome hapa kwa makini. Nilikwenda na dada mmoja wa Unguja ambaye hali nyama isiyo halali, na nilidhani atateseka. Ikawa kinyume. Wakati wa kuweka nafasi mgahawa wa namna ile hukuuliza usichokula, na yeye aliandika wazi: nyama hapana, pombe hapana hata ndani ya mchuzi, jelatini hapana. Akapewa samaki na mboga, mchuzi wake ukapikwa mbali, na mhudumu akaja kumhakikishia kabla hajauliza. Palipomshinda ni kwenye vile vimgahawa vya bei nafuu vya Lyon viitwavyo bouchon, ambako nguruwe yumo hadi kwenye saladi. Na kuna kuku mmoja maarufu wa mji ule anayepikwa akiwa amefungiwa ndani ya kibofu cha nguruwe. Kwenye menyu utaona "en vessie". Ukiliona neno hilo, pita.

Usitishwe na orodha ya mvinyo pia. Ufaransa maji ya bomba kwenye jagi ni haki yako bila malipo, ukisema "carafe d'eau" wanakuletea. Ukinyamaza utaletewa chupa, na chupa inalipiwa. Bei ya menyu tayari ina malipo ya huduma ndani yake, kwa hiyo zile bakshishi za asilimia 20 ulizozisikia Marekani ziache Marekani. Na ukiweka nafasi usipotokea, kadi yako inaweza kukatwa. Hapo kisingizio cha foleni ya Kariakoo hakisaidii.

Nirudi kwa ndugu wa ulimbukeni. Mwaka 2002 na 2003 mgahawa wa Carnivore wa Nairobi uliwekwa na jarida moja la Uingereza kwenye orodha ya migahawa 50 bora duniani. Wazungu walipanda ndege, wakakaa pale Lang'ata wakakatiwa nyama choma kutoka kwenye mapanga, wakalipa, wakapiga picha. Sikumsikia mtu akiwaita malimbukeni. Walikuja kula cha Kenya, Kenya. Sioni kwa nini mimi nikila cha Lyon, Lyon, nitafutiwe jina.

Ninapokataa ni mahali pengine. Wengi wetu tunapita Dubai, na Dubai imejaa majina yaliyohamishwa kutoka Paris na London pamoja na nyama yake ndani ya ndege. Posho yangu haiendi huko. Ningejibana kwa ajili ya Trèsind Studio, mgahawa wa Kihindi wa hukohuko Dubai uliopata nyota tatu mwaka 2025, wa kwanza wa Kihindi duniani kufika hapo, maana Wahindi na Ghuba wamepikiana tangu enzi za majahazi. Na sikimbizi orodha. Mgahawa wa Bocuse ulishika nyota tatu tangu 1965, yeye akafariki 2018, na mwaka 2020 ya tatu ikaondolewa. Mgahawa wa sushi wa Jiro kule Tokyo ulitolewa kwenye kitabu cha Michelin mwaka 2019 kwa sababu mtu wa kawaida hawezi tena kuweka nafasi pale. Pasiponipokea hapanihusu.

Ukiwa Lyon na nafasi zikiwa zimejaa, nenda soko la ndani la Part-Dieu, lenye jina la Bocuse. Utamwona kuku wa Bresse na miguu yake ya buluu, utauziwa jibini ya Saint-Marcellin iliyolainika hadi inataka kijiko, utakula ukiwa umesimama na chenji itabaki. Ila usiende Jumatatu, wengi huwa wamefunga.

Msomaji wenu, Tanga