Maswali ya Wasomaji: Takayama, Mji wa Maseremala Milimani Japani

Katika toleo lililopita tuliutaja kwa aya chache mji wa Takayama, ulioko katika nchi ya milima iitwayo Hida, mkoani Gifu, katikati ya kisiwa kikubwa cha Japani. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko tulivyotazamia, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Nimechagua tano na kuzijibu kwa kadiri ya nilichokiona na kujifunza huko.

Swali: Nitakuwa Nagoya mwezi Oktoba kwa mkutano wa kikazi, na baada yake nitabaki na siku mbili za mapumziko. Wenzangu waliowahi kufika wananiambia kwamba Takayama ni mji mdogo, mtu huenda asubuhi na kurudi jioni. Je, nifuate ushauri wao? — Mhandisi, Mwanza

Wenzako hawakukudanganya, lakini mimi nakusihi ulale huko, tena ikiwezekana usiku zote mbili. Treni iitwayo Hida hutoka Nagoya na kufika Takayama kwa takriban saa mbili na nusu, kwa hiyo anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo hutumia saa tano akiwa kwenye kiti. Si saa za kujutia, maana reli hufuata bonde jembamba la mto, na maji ya kijani hukaa chini yako kwa sehemu kubwa ya njia. Usishtuke treni itakapoanza safari ikikupeleka kinyumenyume: viti hupangwa vikitazama nyuma kwa sababu treni hugeuza mwelekeo katika stesheni ya Gifu, kiasi cha dakika ishirini baada ya kuondoka, na kutoka hapo abiria wote hutazama mbele hadi mwisho.

Tatizo la safari ya siku moja ni saa anazokuwepo mgeni. Atafika karibu na saa tano asubuhi, pamoja na mabasi ya watalii, na mitaa mitatu ya zamani inayoitwa Sanmachi ataikuta imejaa watu bega kwa bega. Masoko mawili ya asubuhi, moja mbele ya jengo la Jinya, ofisi ya zamani ya watawala, na jingine kando ya mto Miyagawa, ambako wakulima huuza tufaha, mboga na kachumbari za kuchachusha, hufunguliwa kuanzia saa moja asubuhi na kufungwa saa sita mchana, basi atayawahi yakikunja vitambaa. Kisha jioni, maduka yanapofungwa na mabasi kuondoka, ndipo mji hurudi kwa wenyewe: husikika maji yanayopita kwenye mifereji ya kando ya barabara, taa huwaka nyuma ya madirisha ya vijiti vya mbao, na unaweza kusimama katikati ya mtaa bila kumzuia mtu. Saa hizo mbili tatu, za jioni na za alfajiri, ndizo zinazonifanya niipende Takayama, na hakuna tikiti ya kwenda na kurudi inayozinunua. Kumbuka tu kwamba nyuma ya madirisha hayo wanaishi watu, kwa hiyo usichungulie ndani wala kupiga picha za vyumba vyao.

Swali: Mwandishi alisema kwamba maseremala wa Hida wanajulikana Japani nzima. Mimi niliyefundisha historia kwa miaka mingi ningependa kujua sababu. Kwa nini ufundi mkubwa namna hiyo ukae milimani, mbali na miji mikuu? — Mwalimu mstaafu, Moshi

Mwalimu, jibu lake ni kodi. Katika karne ya 8, wakati mji mkuu ulipokuwa Nara, serikali ya mfalme ilidai kodi ya nafaka, vitambaa na mazao mengine kutoka kila jimbo. Hida ilikuwa milima na misitu, mashamba yakiwa machache, na haikuwa na cha kutoa isipokuwa mikono ya watu waliokuwa wakichezea mbao tangu utotoni. Kwa hiyo sheria iliipa nafuu ya pekee: ilisamehewa kodi nyingine, na badala yake kila kijiji cha kaya 50 kilitakiwa kupeleka wanaume 10 mji mkuu wakafanye kazi ya useremala katika majumba na mahekalu. Mafundi hao wakaja kuitwa Hida no Takumi, yaani mafundi wa Hida. Ni umaskini wa ardhi, kwa ufupi, uliozaa sifa ambayo wajukuu wao wanaila hadi leo.

Msitu uleule ukaja kuubadilisha utawala wa mji. Ukoo wa Kanamori, ulioitwaa Hida mwishoni mwa karne ya 16, ndio uliojenga ngome na kuipanga mitaa ya wafanyabiashara chini yake. Mwaka 1692 serikali ya kijeshi ya Tokugawa iliuhamishia ukoo huo mbali na kuichukua Hida moja kwa moja mikononi mwake, kwa kuwa ilizitaka mbao na madini yake. Ngome ilibomolewa, na utawala ukaendeshwa kutoka jengo la Jinya, ambako watawala 25 walipokezana hadi serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1868. Jengo lile lingalipo na hupokea wageni. Liliendelea kutumika kama ofisi ya umma hadi mwaka 1969. Ukiingia, Mwalimu, pita taratibu. Kuna ghala la mpunga wa kodi, kuna vyumba ambavyo ukingo wa mikeka yake ulionyesha cheo cha anayeruhusiwa kukaa, na kuna ua wa changarawe ambako watuhumiwa walihojiwa, vyombo vya kuwatesea vikiwa vimewekwa hadharani bila maelezo mengi. Mtu aliyewahi kuingia katika boma la mkoloni hatahitaji mkalimani kuelewa jengo hilo lilikusudiwa kumwambia nini mkulima aliyefika mlangoni.

Ufundi wenyewe utauona vizuri zaidi katika nyumba mbili za matajiri zilizo jirani, Kusakabe, iliyojengwa mwaka 1879, na Yoshijima, ya mwaka 1907. Zote mbili zilijengwa upya baada ya moto, ambao ndio adui mkubwa wa mji wa mbao. Ingia Yoshijima, simama kwenye sakafu ya udongo karibu na mlango, kisha inua macho. Nguzo na boriti zimepandana hadi darini, mwanga ukishuka kutoka dirisha la juu, na hakuna nakshi hata moja. Sisi wa pwani tumezoea kumpima seremala kwa milango ya Lamu na Unguja, ambako patasi haikuacha hata upana wa kidole bila ua au mnyororo. Kule fundi anajivunia kiungo ambacho hukioni.

Swali: Tunapanga safari ya familia, mimi, mume wangu na mabinti wawili. Sisi ni Waislamu. Nimesikia kwamba chakula ni kigumu na kwamba katika nyumba za wageni watu huoga uchi pamoja. Je, inawezekana kwetu? — Mama wa watoto wawili, Mombasa

Inawezekana, mama, lakini mambo mengi yanataka kuulizwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Nianze na bafu, kwa kuwa ndilo linalotisha wengi. Ni kweli kwamba katika mabafu ya pamoja huvaliwi nguo yoyote, hata ya kuogelea, ingawa wanaume na wanawake huwa mbalimbali. Hata hivyo nyumba nyingi za wageni zina bafu dogo la faragha ambalo familia hulikodi kwa saa na kufunga mlango, na nyingine zina bafu ndani ya chumba. Uliza kabla ya kulipia. Utaratibu ni mmoja popote: mtu huketi kwenye kigoda, hujisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka atakate, ndipo anapoingia katika maji ya moto. Maji ya birika lile ni ya kukaa na kutulia, si ya kuogea, na povu la sabuni ndani yake ni aibu kubwa.

Chakula kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kinachofichika ni kingi kuliko kinachoonekana. Nyama ya ng'ombe wa Hida, inayosifiwa kila kona ya mji, kwa kawaida haikuchinjwa kwa taratibu zetu. Tambi za Takayama zina supu ya kuku na samaki, lakini juu yake huwekwa vipande vya nguruwe. Hata mboga na samaki hupikwa mara nyingi kwa pombe ya mchele au kiungo kitamu kiitwacho mirin, ambacho nacho kina kileo. Kwa hiyo usiseme tu "hatuli nguruwe". Mwandikie mwenye nyumba majuma kadhaa mapema, ukimtajia nyama, pombe, mirin na mafuta ya mnyama. Wajapani hawapendi kubadilisha mlo papo hapo, lakini wakiarifiwa mapema hujitahidi kwa namna itakayokugusa moyo. Mchuzi wa soya, ambao huchachuka wenyewe, mwulize shehe wenu. Mimi si mwanachuoni. Kama jawabu lake litawaruhusu, wanunulieni mabinti vidonge vya unga wa mchele vilivyochomwa kwenye kijiti na kupakwa mchuzi huo. Kwingine Japani ni vitamu, lakini Takayama ni vya chumvi, na huliwa vikiwa vya moto palepale dukani, kwa kuwa kula ukitembea si adabu.

Kibla, ambacho kwenu Mombasa ni kaskazini, kule ni magharibi ukielekea kaskazini kidogo. Sakafu ya chumba ni mikeka ya tatami, ambayo haikanyagwi kwa kiatu wala ndara, wala haiburuzwi sanduku la magurudumu. Miguu huwa mitupu au katika soksi, na mtu husali popote bila wasiwasi. Chooni kuna ndara za chooni tu. Mimi usiku wa kwanza nilitoka nazo nikatembea ukumbi mzima hadi mezani, na bibi mwenye nyumba, bila kusema neno, akaniletea nyingine na kuzichukua zile kwa mikono miwili kana kwamba nilikuwa nimempa zawadi. Vazi la yukata mtakalopewa, kunjeni upande wa kushoto juu ya ule wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti.

Swali: Je, ile pasi ya treni kwa wageni bado inafaa? Na viza inakuwaje kwa sisi wa Afrika Mashariki? — Mwanafunzi, Nairobi

Wakenya na Watanzania wanahitaji viza, na huombwa katika ubalozi wa Japani, kwenu Nairobi na kwa wenzenu Dar es Salaam. Pasi ya siku 7 ilipanda mwezi Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000. Tokyo hadi Nagoya kwa treni ya mwendokasi ni takriban yeni 11,000, na Nagoya hadi Takayama takriban 6,000, yaani kama 34,000 kwenda na kurudi. Usinunue pasi kwa ajili ya safari hii peke yake. Kwa mfuko wa mwanafunzi kuna basi kutoka Shinjuku, Tokyo, la saa tano na nusu, ambalo ni nafuu zaidi. Chukua fedha taslimu, kwa kuwa wauzaji wa sokoni na maduka madogo si wote wanaopokea kadi, na usiache bahashishi popote, maana watakukimbilia kukurudishia.

Swali: Tunaishi Maskati, na tungependa kumpeleka mama yetu mwenye umri wa miaka 72 kuona sherehe za Takayama. Tuchague za Aprili au za Oktoba? Na je, ataweza kufika katika vijiji vya nyumba za makuti? — Mtu na mkewe, Maskati

Sherehe za masika ni tarehe 14 na 15 Aprili, za vuli ni tarehe 9 na 10 Oktoba, na siku hazibadiliki hata zikiangukia katikati ya juma. Aprili hutoka magari ya sherehe ya kukokotwa 12, Oktoba 11, yote ya mbao, yenye nakshi, pazia na dhahabu (hapa ndipo maseremala wa Hida walipojiruhusu kujionyesha), na juu ya baadhi yake vikaragosi huchezeshwa kwa nyuzi. Usiku wa kwanza wa kila sherehe magari hupitishwa mitaani yakiwa yamewashwa taa za karatasi. Kwa mama yenu ningechagua Oktoba, kwa kuwa usiku wa Aprili milimani bado una baridi kali kwa mtu aliyezoea Maskati. Vyumba huisha miezi mingi kabla, na mvua ikinyesha magari hayatoki kabisa, maana ni urithi wa kale usioruhusiwa kulowa. Ikitokea hivyo, nendeni katika jumba la maonyesho lililo karibu na hekalu la Hachiman, ambako manne kati ya magari ya Oktoba huonyeshwa kwa zamu mwaka mzima.

Vijiji mnavyouliza ni Shirakawa-go na Gokayama, vilivyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1995. Shirakawa-go ni mwendo wa dakika 50 hivi kwa basi kutoka Takayama. Nyumba zake zimeezekwa kwa nyasi nene, paa likisimama wima kama mikono iliyounganishwa katika sala ili theluji iteleze, na darini palifugwa viwavi wa hariri. Kuezeka paa moja kulikuwa kazi ya kijiji kizima, kwa utaratibu ambao Mtanzania angeuita msaragambo bila kusita. Njia za kijiji ni tambarare na mama atazimudu, ila ngazi za kupandia darini ni za mwinuko mkali na afadhali abaki chini karibu na moto wa jikoni. Mjini Takayama pia, kutoka stesheni hadi mitaa ya zamani ni kiasi cha dakika kumi kwa miguu bila mlima. Ombeni chumba cha chini chenye kitanda, na mjulisheni mwenye nyumba kwamba mama hawezi kukaa sakafuni, ili wakati wa chakula awekewe meza na kiti.