Aliyevurugika akifika kituoni: nusu saa ya kwanza, kabla ya kushika sindano

Swali: Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya huku Kadutu, Bukavu. Kila wiki tunapokea watu waliovurugika: mama aliyefiwa na mtoto, baba aliyekimbia vita na hajui watoto wako wapi, kijana anayehema mpaka vidole vinakakamaa. Wakubwa kazini wanasema tuwadunge Valium, ile dawa ya kutuliza (diazepamu), wanyamaze. Wengine wanasema tuwahoji waseme yote, yawatoke moyoni. Mwanasaikolojia hatuna, chumba ni kimoja, na nyuma kuna foleni. Nifanye nini, na nisifanye nini?

Jibu: Ndugu muuguzi, njia zote mbili ulizoambiwa ziweke kando. Sindano inamnyamazisha mtu, haimtulizi. Mahojiano yanafungua kidonda pasipo mtu wa kukifunga. Kazi yako ya nusu saa ya kwanza ni nyingine: mwili wake uwe salama, pumzi irudi, ajue kinachoendelea, na apate mtu wake karibu. Shirika la Afya Duniani, pamoja na War Trauma Foundation na World Vision, walitoa mwongozo wa kazi hiyo mwaka 2011 na kuukusanya katika mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Mkunga anaweza kuifanya, relais wa mtaa (mhudumu wa afya wa kujitolea) anaweza, hata anayefagia kituo akifundishwa anaweza.

Anza na mwili. Anayepiga kelele, anayetetemeka au asiyejibu huenda ana huzuni, na huenda ana malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, jeraha la kichwa au damu inayovuja ndani. Kabla hujaandika kwamba ni mawazo tu, pima joto, presha, mapigo, hesabu pumzi dakika nzima, pima oksijeni kama mna kile kifaa cha kidole, na sukari. Ikiwa chini ya 70 mg/dl na anameza vizuri, mpe maji yenye sukari kisha chakula. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni. Huyo anahitaji glukozi ya mshipani kwa utaratibu wenu. Asiyejua yuko wapi, mwenye shingo ngumu, anayesinzia katikati ya maneno, huyo ni mgonjwa wa dharura hata kama alifiwa leo asubuhi. Wanawake ndio wanaoumia zaidi kwa kosa hili: analia, basi watu wanaona kilio na hawaoni homa.

Chumba kimoja si kisingizio. Funga kamba pembeni, tundika kikwembe, weka viti viwili vya kimo kimoja. Kaa kwa upande kidogo, si uso kwa uso kama hakimu, na usikae kati yake na mlango. Anayehisi amefungiwa hofu inampanda. Waliokuja kutazama watoke. Wabaki wawili, yeye mwenyewe awachague.

Sasa mama anayelia. Huku kwetu mama aliyefiwa hupiga yowe, hujitupa chini, huita jina la mtoto. Huo ni msiba, si ugonjwa, na hauna dawa ya kuukatiza. Wewe linda mwili wake: sogeza benchi, mwondoe karibu na ngazi ya sima (saruji), kikwembe kilichokunjwa kiwe chini ya kichwa, mabinamu au majirani wawili wakae naye chini. Msimkandamize mikono na miguu, atapigana zaidi na ataumia. Msimpige kofi, msimmwagie maji usoni. Kilio kikali huja kwa mawimbi, kati ya wimbi na wimbi kuna nafasi, na hapo ndipo unaposema, kwa sauti ya chini na maneno machache: «Mama, mimi ni muuguzi wa hapa. Niko na wewe. Hautabaki peke yako.» Kisha nyamaza. Usiogope kimya, hata kikifika dakika nzima.

Maneno yanayokuja haraka mdomoni ndiyo yanayoumiza. «Ujikaze» linamwambia kilio chake ni aibu. «Ni mapenzi ya Mungu» aseme mwenyewe akitaka, au mchungaji wake, si wewe uliyevaa blouse nyeupe. «Una wengine, utazaa tena» lisitamkwe kabisa. Na usiahidi usichokijua: kwa baba anayetafuta watoto, «watapatikana» ni deni ambalo huna cha kulilipa. Mwambie lililo kweli: «Sijui wako wapi. Ninachoweza sasa ni kuandika majina yao, umri, na mahali mlipoachana, ili tuwape wanaotafuta watu.» Msalaba Mwekundu una huduma ya kutafuta waliopotezana na familia, na karatasi hiyo ndiyo kazi yao inapoanzia.

Kama wewe ndiye wa kumpa habari ya kifo, usiitoe koridoni wala mlangoni. Mkalishe, uliza nani amekuja naye, mngojee huyo kama yuko karibu, kisha sema moja kwa moja: «Mama, nina habari mbaya sana. Mtoto amefariki.» Ukizunguka na «hali ilibadilika» au «tumempoteza», atauliza amehamishiwa wapi, na utalazimika kumuua mara ya pili. Mpe nafasi ya kumwona na kumshika mtoto, akiwa amesafishwa na kufunikwa vizuri, bila kumlazimisha. Ikiwa ni kolera au Ebola, fuateni utaratibu wa mazishi salama na yenye heshima, na mweleze sababu kabla, asije akaona tu watu wamevaa nguo za plastiki. Na neno moja kwa mhasibu wenu: fakture, yaani karatasi ya malipo, isimfikie mama saa hiyo. Mweleze mtu mmoja wa familia, pembeni, baadaye. Nimewaona waliotulia wakivurugika upya kwa karatasi hiyo.

Yule kijana anayehema: anapumua haraka mno, kaboni dioksidi inashuka kwenye damu, na ndiyo maana midomo inawasha, vidole vinajikunja, kichwa kinazunguka. Halafu anaona vidole vinavyojikunja, anasadiki anakufa, anahema zaidi. Hakikisha kwanza si pumu, nimonia wala moyo: sikiliza kifua, tazama oksijeni. Ikiwa chini ya 94 au kifua kinapiga filimbi, mtibu kama mgonjwa wa kifua. Mfuko wa karatasi mdomoni uache kabisa, kwa mtoto na kwa mkubwa, maana ukikosea ugonjwa unamnyima hewa anayeihitaji. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi kisha hushuka. Mwambie hivyo, kwamba vidole vitafunguka.

Usimwambie «vuta pumzi ndefu». Ameshavuta nyingi mno. Dawa iko kwenye kutoa. Kaa karibu, pumua wewe mwenyewe asikie: ingiza kwa pua ukihesabu moja hadi nne, toa kwa midomo iliyobanwa, polepole, moja hadi sita, kama anayepoza chai. Hesabu kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani kwake, awe Mshi, Murega au Muhavu. Mara za mwanzo atashindwa, ataingiza hewa katikati ya hesabu. Usimkosoe, endelea tu, atakufuata. Hesabu kama 10 za hivyo, pumzika, rudia. Akianza kuona giza, acha hesabu, apumue apendavyo.

Kuna na yule asiyelia wala kuhema: amekaa macho wazi, ukimwita hasikii, kama yuko kwingine. Watu humsifu kwamba amejikaza. Mimi huyo ananitia wasiwasi kuliko anayepiga yowe. Mrudishe kwa vitu vinavyoshikika: miguu yote miwili chini, akanyage sima, mpe kikombe cha chai asiyoungua nayo, akishike kwa mikono miwili, muulize anaona nini mbele yake, kikwembe kina rangi gani, anasikia sauti gani nje. Usimfumbishe macho, akiyafumba picha zinarudi. Usimguse kwa ghafla, na usisimame nyuma yake.

Kuhusu kumhoji: zamani ilishauriwa kukaa na mtu mara moja tu baada ya tukio na kumfanya asimulie kila kitu. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2002 hayakuona kwamba kikao hicho kinazuia ugonjwa wa baadaye, na kwa baadhi ya watu hali ilizidi kuwa mbaya. Akitaka kusema, sikiliza bila kuchimba. Asipotaka, uliza swali jingine: «Sasa hivi unahitaji nini zaidi?» Mara nyingi jibu ni dogo: maji, uniti za kupiga simu, mtoto anayenyonya aliyebaki kwa jirani.

Na Valium? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri kutompa mtu mzima dawa za kundi hilo kwa ajili ya mshtuko au kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Haikuonekana kwamba zinasaidia, zinazoeleka haraka, na kwa aliyekunywa lutuku (pombe kali ya kienyeji) au dawa ya maumivu ya tramadoli zinaweza kuzima pumzi. Aliyelevywa hawezi kumzika mtoto wake akiwa macho, hawezi kukubali wala kukataa kipimo. Degedege ni jambo jingine, na vivyo hivyo mtu aliyechafuka mpaka anahatarisha maisha. Hao wana kipimo chao cha dawa na daktari wa kuamuru.

Mwanamke akikuambia, au ukihisi, kwamba amebakwa, saa inahesabu. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinaanza ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora. Dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kisha magonjwa ya zinaa, pepopunda na homa ya ini B. Mwambie hayo kwa upole siku hiyo hiyo, yeye ndiye anayeamua. Asimulie mara moja tu kwa atakayemhudumia, si kwa mapokezi, kisha kwa maabara, kisha kwako. Usimguse bila kumuuliza. Hospitali ya Panzi, hapo Ibanda, inatoa matibabu, msaada wa kisaikolojia na wa kisheria mahali pamoja. Mpigie simu mtu wa huko kabla hajapanda pikipiki, na apate wa kumsindikiza.

Kwa yeyote aliyekata tamaa, uliza waziwazi: «Umefikiria kujiua?» Swali halimpandikizii mtu wazo, linampa ruhusa ya kulisema. Akisema ndiyo na ana njia kichwani, asibaki peke yake hata chooni, familia iondoe sumu ya panya na vidonge nyumbani, na umwandikie rufaa siku hiyo. Kwa magonjwa ya akili, Bukavu kuna SOSAME, kituo cha matibabu ya akili.

Mtoto asitenganishwe na anayemlea, na asidanganywe kwamba mama amesafiri. Mpe maneno mafupi ya kweli na kitu cha kushika.

Kuunganisha ndiko kunakoachwa foleni ikiwa ndefu. Bandika ukutani, upande wa wafanyakazi, karatasi yenye namba za kazini zilizohakikishwa kila mwezi: msaidizi wa kisaikolojia wa zoni ya afya, hospitali kuu ya rufaa, Panzi, Msalaba Mwekundu, mkubwa wa avenyu. Kabla mtu hajaondoka ajue anaenda na nani, analala wapi usiku huu, na nani atampigia lini. Kwenye rejista andika alichohitaji na ulichofanya. Aliyosimulia yabaki kwenye faili yake inayofungwa. Mpigie siku ya tatu, kisha baada ya wiki mbili: anakula? analala? anawashughulikia watoto? Wengi watakuwa wanaanza kusimama. Asiyekula, asiyelala na asiyeamka kitandani baada ya wiki mbili, au anayeota ndoto mbaya na kushtukashtuka bado baada ya mwezi, mwandikie rufaa, na uandike jina la atakayempokea.