Chura mwenye nukta nne tu kwenye ramani: ndugu zake wanaweza kumsemea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza modeli ya kubashiri makazi ya spishi moja ya chura, lakini mahali alipoonekana ni pane tu. Nikiondoa nukta moja, ramani yote inabadilika. Msimamizi wangu anasema nitumie data za spishi nyingine za jenasi yake, yaani ndugu zake wa karibu. Inafaa? – Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Marahaba. Inafaa, ila usimimine nukta za jenasi nzima kwenye kapu moja. Utakuwa umechora ramani ya ukoo, na chura wako atapotelea humo. Mti wa nasaba, yaani mchoro wa spishi gani iliachana na ipi na lini, ndio unaoamua nani asikilizwe zaidi: spishi iliyoachana na yako hivi karibuni ipewe uzito kuliko iliyoachana nayo zamani.

Wazo hili lina msingi. Mwaka 1999 watafiti Peterson, Soberón na Sánchez-Cordero walichukua jozi 37 za spishi ndugu za ndege, mamalia na vipepeo, kutoka pande mbili za shingo ya nchi ya Tehuantepec, Meksiko. Modeli ya ndugu mmoja ilibashiri vizuri anakoishi mwenzake.

Lakini undugu pekee hautoshi. Dubu wa barafu na dubu wa kahawia wako karibu kiasi cha kuzaa pamoja, ilhali mmoja huwinda sili juu ya barafu ya bahari na mwingine huishi misituni, milimani, hata jangwani.

Kwa hiyo pima kwanza, na upime sifa moja moja: joto la juu, baridi, mvua. Tumia lambda ya Pagel, kipimo cha takwimu cha jinsi sifa inavyofuata mti wa nasaba. Ikikaribia 1, ndugu wanafanana kama mti unavyotarajia. Ikikaribia 0, kwa sifa hiyo mti haukusaidii. Spishi chache za jenasi moja hazitoshi kwa kipimo hiki, panda hadi familia, yaani kundi linalojumuisha jenasi kadhaa. Nasisitiza moja moja kwa sababu uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ustahimilivu wa joto kali hautofautiani sana kati ya spishi, ila wa baridi hutofautiana mno. Ukomo wa joto, basi, azima kwa ndugu bila hofu kubwa. Wa baridi uuachie nafasi pana ya mashaka.

Kisha jaribu hivi, tafadhali usiruke: chukua spishi ya jenasi hiyohiyo yenye nukta nyingi, zifiche zote zibaki nne, uendeshe modeli pamoja na mti, halafu ulinganishe na nukta ulizozificha. Ikishindwa hapo, ramani ya chura wako usiipeleke kwa msimamizi bado.