Jibu kwa aliyeogopeshwa na kengele kwenye ndege ndogo

Mleta mada, umeuliza mambo matatu: ile kengele iliyolia mkikaribia kugusa ardhi Seronera, kule Serengeti, ilikuwa ya nini, sisi marubani wa ndege ndogo huwa tunaogopa tukiwa na abiria au la, na kama umruhusu mama yako apande ndege ndogo kwenda Mafia mwezi ujao. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kwenye ndege hizi, kwanza Cessna 206 na baadaye Caravan, ambayo ni kubwa zaidi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Kengele kwanza. Ile ni honi inayoonya kwamba bawa linakaribia kushindwa kuibeba ndege kwa sababu kasi imepungua. Ikilia mkiwa futi 500 hewani, rubani ana sababu ya kushtuka. Ikilia magurudumu yakiwa nusu mita kutoka ardhini, hiyo ni kazi ya kawaida, kwa sababu kutua ndiko huko: unaipunguzia ndege kasi mpaka bawa lichoke wakati tayari uko juu ya kiwanja. Seronera iko zaidi ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, ndege hukimbia sana kabla ya kusimama, na rubani anayekuja na kasi ya ziada anajitafutia shida mwisho wa kiwanja. Wako alikuja na kasi ndogo, kama inavyotakiwa. Hukuwa karibu na kifo hata kidogo. Kosa lake ninaloliona ni moja: hakuwaambia. Pale Arusha kabla ya kuwasha injini angesema tu, "Tukitua mtasikia honi, msishtuke," usingekaa siku mbili unaiwaza. Mimi nalichukulia kosa hilo kwa uzito, na nitakueleza kwa nini.

Tunaogopa, ndiyo. Tukio lililonifundisha kazi hii lilinipata Kilindoni, Mafia, nikiwa na mwaka wa pili tu wa kubeba abiria. Ilikuwa 206, abiria watano, tunarudi Dar. Kwa wasioijua, 206 ina mlango mmoja mbele, upande wa rubani. Nyuma kulia ina mlango mpana wa vipande viwili, ndio wa mizigo na wa abiria wa nyuma. Tukapaa. Tulipofika futi 200 hivi nikasikia kishindo, kama mtu amepiga bati kwa nyundo, halafu upepo na kelele vikajaa ndani. Kofia ya mzee mmoja ikaruka mpaka kwenye kioo cha mbele. Mama aliyekaa nyuma yangu akanishika mabega kwa mikono yote miwili na kuanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Nikageuka. Kipande cha mbele cha ule mlango kilikuwa kimefunguka upana wa kiganja, kinatetemeka, na yule mzee wa kofia, aliyekaa jirani na mlango, amekikamata anakivuta kwa nguvu zake zote, huku ameshafungua mkanda ili akifikie vizuri.

"Mzee, acha! Mkono ndani! Funga mkanda!"

Alinitazama kwa uchungu, maana kwa akili yake alikuwa anatuokoa.

Niliporudisha macho mbele, mshale wa kasi ulikuwa umeshuka kwa noti 14 (noti ni kipimo cha kasi ya ndege), pua imeinuka na bawa la kushoto limelala. Nilikuwa nimetazama nyuma sekunde tatu hivi. Woga wenyewe ulinijia hapo. Ule mlango ukiachwa hivyo hivyo ndege inaruka vizuri tu; upepo wenyewe unauzuia usifunguke zaidi. Lakini ndege iliyo futi 200, imejaa, kasi inashuka na rubani kageuza shingo, hiyo ndiyo inayoanguka. Nikashusha pua, nikanyoosha mabawa, nikasubiri kasi irudi. Kisha nikataka kupandisha flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kupaa na kutua. Hazikusogea. Moyo ukapiga tena.

Kumbe sababu ilikuwa ileile. Kwenye 206 kuna swichi ndogo juu ya fremu ya mlango ule. Kipande cha mbele kikiwa hakijafungwa, swichi inakata umeme wa flapu popote zilipo, ili flapu isishuke ikagonga mlango ulio wazi. Nilikuwa nimelisoma hilo na kulijibu kwenye mtihani, ila dakika ile nilihesabu matatizo mawili wakati nilikuwa na moja. Nikaacha flapu palepale zilipokuwa wakati wa kupaa, nikazunguka polepole bila kukunja kona kali, nikatua. Tangu kishindo mpaka magurudumu kugusa, dakika tano.

Tuliposhuka nilimfuata mzee. Nikampa shikamoo, nikamwomba radhi kwa kumkaripia mbele za watu, nikamweleza kwa nini sikutaka auguse. Akaipokea radhi, halafu akaniambia: "Mwanangu, ungenieleza kabla hatujaondoka kwamba mlango ukifunguka niuache, ningeuacha. Mimi nilijua tunakufa." Nikakosa la kumjibu. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimewaonyesha mikanda tu na kuwatakia safari njema. Na kitasa cha mlango sikukikagua kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimtegemea aliyepakia mizigo. Makosa yote mawili yalikuwa yangu.

Mlango huohuo una jambo jingine ambalo kila abiria wa 206 anapaswa kulijua. Flapu zikiwa zimeshushwa, kipande cha mbele kinagonga flapu, kwa hiyo hakifunguki chote. Ndege ikilazimika kutua majini au porini na flapu ziko chini, abiria wa nyuma anasukuma kile kipande cha mbele kidogo kadiri kinavyokubali, kisha anatafuta kitasa cha kipande cha nyuma, anafungulia hapo. Gizani, au maji yakiingia, hakuna atakayeligundua hilo peke yake. Kwa hiyo mimi huwapeleka abiria nyuma na kuwaacha washike kile kitasa kwa mikono yao wenyewe. Wapo wanaonuna kwamba tunachelewa. Nawaacha wanune.

La pili lililonitoa jasho halikuwa la ndege bali la mtu. Mchana wa saa tisa, naenda Manyara. Kile kiwanja kiko juu kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa, ziwa liko chini yake, na saa hizo jua limeshachoma ardhi, upepo unaupiga ukuta na kupanda. Ndege inainuliwa, kisha inaachiwa. Pembeni yangu alikaa dada mmoja, mfanyakazi wa hoteli anarudi kazini, ndiyo mara yake ya kwanza kukaa mbele. Tulipoachiwa mara ya tatu alikamata usukani wa upande wake kwa mikono miwili na kuuvuta kifuani. Siti ile ina usukani unaofanya kazi sawasawa na wangu, kwa hiyo pua ikainuka.

Mtu aliyeshikwa na hofu ana nguvu kuliko unavyodhani. Ukivutana naye, anazidi kukaza. Nilisukuma kiasi cha kuzuia pua isipande zaidi, nikachukua ubao wenye karatasi zangu za safari, nikamwekea mapajani, nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Dada, naomba unishikie hizi zisianguke. Halafu geji ile ya juu, nisomee namba kila ikibadilika." Akaachia. Alishika zile karatasi na kuanza kusoma urefu wetu kwa futi: elfu sita na mia mbili, elfu sita na mia moja, elfu sita. Alisoma mpaka tunatua, na sauti yake ikawa inatulia kadiri namba zilivyoshuka. Tangu siku hiyo anayekaa mbele namwambia mapema asiguse nini, na namwachia kazi moja ndogo: kuniangalizia ndege wa porini, au kunionyesha kiwanja akikiona kabla yangu. Anayetafuta kiwanja kwa macho mikono yake hukaa mapajani.

Hao ndege wa porini nitasema kidogo tu. Tumbusi wa Serengeti ni wakubwa na hawatupishi njia. Michael Grzimek, mtafiti Mjerumani aliyekuwa anahesabu wanyama pamoja na baba yake, alifariki tarehe 10 Januari 1959 akiwa na miaka 24, baada ya ndege yake iliyopakwa milia ya pundamilia kugongana na tumbusi. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na nikiwa na abiria wa kwenda huko nawahimiza wasimame hapo. Mimi mmoja alipita chini ya bawa langu karibu kabisa. Tulifundishwa kwamba ndege wa porini akishtuka mara nyingi hukunja mabawa na kushuka, kwa hiyo wewe panda. Nilipanda, akashuka. Abiria mmoja alitapika kwa kule kuinuliwa ghafla, nikamwomba radhi.

Lililo gumu zaidi kulieleza, na ambalo abiria hawakulijua kabisa, ni la nyigu. Kwenye bawa la 206 kuna kamrija kanakoelekea mbele. Hewa inayoingia humo ndiyo inayosogeza mshale wa kasi. Ndege ikiegeshwa tunakafunika kwa kitambaa chekundu, kwa sababu nyigu wa udongo anakapenda sana kwa kujengea. Siku hiyo nilikuwa kwenye kiwanja kimoja cha hifadhini, kusini, nasubiri wageni "wanaokuja sasa hivi". Wakaja baada ya saa moja na nusu. Sikufunika.

Nikiwa nakimbia kupaa nikaona mshale umelala kwenye sifuri, lakini kiwanja kilikuwa kifupi na miti iko mbele. Nilipoung'amua, nafasi ya kusimama ilikuwa imeisha. Nikapaa. Futi 300 juu, mshale ukaamka na kuonyesha noti 80 na kidogo, nikashusha pumzi. Tulipokaribia futi 1,000 ukapita noti 140. Ndege ile ikiwa imejaa haiwezi kupanda kwa kasi hiyo. Hewa iliyofungiwa ndani ya kile kitundu ilikuwa inapima urefu tulioupanda, na mshale wangu unauita kasi. Kadiri unavyopanda unakudanganya kwamba unakimbia mno, na mkono unataka kuinua pua ili upunguze. Ukiutii, bawa linaishiwa nguvu ya kuibeba ndege.

Mwaka 1996 ndege kubwa aina ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 wakafariki. Mrija mmoja wa kupimia kasi ulikuwa umeziba, na walioshukiwa zaidi ni hao hao nyigu wa udongo, baada ya ndege kuegeshwa bila vifuniko. Nilikuwa nalijua tukio hilo, na naamini ndilo lililoushika mkono wangu. Nikaacha kuutazama mshale. Nikaweka injini pale ninapoiweka kila siku, pua pale inapokaa kila siku, nikasikiliza upepo, nikaenda kutua kwenye kiwanja kirefu chenye mafundi. Mafundi walitoa udongo mbichi kwenye mrija, kidogo kama punje ya mchele. Wageni waliambiwa ukweli wote tulipokuwa chini, na wawili kati yao wakaamua kuendelea kwa gari. Nilikubaliana nao.

Kuna na vitu vidogo ambavyo abiria huvikuza. Mkiona skrini zimezimika na rubani anapunguza kuongea kwenye redio, huenda alteneta, mashine inayozalisha umeme wa ndege, imekufa. Injini ya 206 haitegemei umeme huo. Plagi zake zinawashwa na magineto mbili, yaani vifaa vinavyotengeneza umeme wa cheche, zinazozungushwa na injini yenyewe, kila silinda ina plagi mbili, moja ikifa nyingine inaendelea. Imenitokea mara mbili. Unazima visivyo vya lazima ili betri ibaki kwa ajili ya redio, unatafuta kiwanja cha karibu, basi.

Sasa mama yako. Apande. Mkatie tiketi ya asubuhi, hewa ikiwa imetulia, ale chakula chepesi. Akiulizwa uzito wake aseme ule wa kweli, hata kama anaona haya, kwa sababu rubani anapanga viti na mafuta kwa namba hizo. Akiwa na mzigo wa zawadi usipimwe kwa macho. Kabla ya kuondoka amwulize rubani mbele ya wenzake: mlango unafungukaje, na nikisikia honi ni nini? Rubani anayejua kazi yake hatakereka. Akijibiwa kwa haraka-haraka, aulize tena.